Breki ya Salfa

Mtu mwenye siri hapendi kuulizwa hata saa. Ndivyo alivyokuwa Theodora asubuhi ile dukani kwa fundi Nathanaeli, Masasi mjini. Fundi alimuuliza swali dogo tu la kikazi, na kijasho chembamba kikamtoka mgongoni, ingawa Julai ilikuwa bado na baridi yake.

"Sasa Mama Glory, wiki tatu hizi bila probu, ile pampu mnaiendeshaje?"

"Tumeizima," alisema Theodora. "Watu wanashuka bondeni na ndoo zao, kama zamani."

"Poleni. Lakini mmefanya la maana. Kuna wajanja, probu ikifa wanashika zile nyaya zake mbili wanazigusanisha, mashine inadanganyika. Halafu mota ikiungua wanakuja hapa kunililia."

"Kumbe wapo watu wa namna hiyo?"

"Tele!"

Theodora akacheka pamoja naye, kicheko cha kuazima, kisha akainama akajifanya anatafuta kitu mkobani. Mjanja mwenyewe alikuwa yeye.

Uwanda wa Makonde una mikorosho, una upepo mzuri, una watu wenye maneno mengi, lakini maji hauna. Maji yako chini, mabondeni, na vijiji viko juu. Bibi zake Theodora walishuka na kupanda ule mlima na mitungi kichwani tangu jogoo la kwanza, mama yake akaupanda na ndoo za bati, na yeye mwenyewe akaupanda na madumu ya plastiki hata akiwa na mimba ya mtoto wake wa kwanza. Miaka minne iliyopita ndipo kitongoji chao, huko upande wa Makote, kilipopata pampu ya sola. Paneli kumi na sita zilisimikwa bondeni karibu na kisima. Ndani ya kisima ikazamishwa mota, na kando ya paneli pakawekwa kabati la chuma lenye kontrola.

Kontrola ndiyo akili ya pampu. Jua likiwa changa huizungusha mota polepole, adhuhuri huiachia nguvu zote, wingu likipita huipunguza. Na ina mlinzi wake, ile probu, kidude kisichozidi kidole gumba kinachoning'inia kisimani juu kidogo ya mota. Maji yakishuka chini ya probu, kontrola huizima mota papo hapo. Lazima iizime, kwa sababu mota ya kisimani hupozwa na maji yenyewe. Iache izunguke pakavu kwa dakika chache tu, inaungua, na ikishaungua ni chuma chakavu.

Theodora alifundishwa hayo yote kwa wiki mbili, yeye mwanamke peke yake kati ya wanaume tisa, akafaulu. Kijijini wapo waliofurahi na wapo waliokaa kimya wakingoja ateleze. Zabroni, aliyeitaka kazi ile kwa roho yake yote, alikuwa bado anangoja.

Probu ilikufa mwishoni mwa Juni, siku mbili kabla ya watoto kutoka jandoni. Kontrola ikawa haioni maji, ikagoma kuwasha mota, wakati kisima kimejaa mpaka unaweza kujitazama uso. Wageni walikuwa njiani kutoka Newala, Masasi, wengine mpaka Mtwara. Pombe ilitaka maji, ubwabwa ulitaka maji, watoto wenyewe walitakiwa kuogeshwa. Mwenyekiti wa kamati ya maji, Mzee Uwesu, alimjia mlangoni na kofia yake mkononi. "Mama Glory," alisema, "tusiaibike mbele za watu." Hakusema lolote zaidi. Theodora akashuka bondeni peke yake, akafungua kabati, akazimenya ncha za nyaya mbili za probu, akazisokota pamoja. Mota ikawaka. Akajiambia, ni kwa siku mbili tu.

Siku mbili za Mswahili urefu wake unajulikana. Hizi zilifika wiki tatu.

Na kilichomtia moyo azivute zifike wiki tatu ni salfa. Nani asiyeijua Julai ya huku? Alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, mabloa, zile mashine za kupulizia, yananguruma katika kila shamba, watu wanaipulizia mikorosho ule unga wa manjano ili maua yasiunguzwe na ukungu. Miteremko yote juu ya kisima ni mikorosho. Unga ulikuwa unashuka na hewa ya asubuhi, unatua juu ya paneli, umande unaugandisha. Miaka mingine Theodora alizifuta kila siku ya pili. Mwaka huu aliziacha. Aliona kwamba paneli zikiwa zimevaa salfa, mota inapata jua nusu, inazunguka kivivu, na maji yanayovutwa kisimani hayazidi yale yanayoingia. Kisima hakikauki. Mlinzi hayupo, lakini mwizi naye amefungwa miguu. Salfa ikawa ndiyo breki yake.

Alijiona ana akili sana kwa hilo. Watu walipolalamika kwamba bombani maji yanatoka kama machozi, aliwajibu kwamba jua la kipupwe ni dhaifu. Kabati alilifunga kwa kufuli yake mwenyewe ili jicho la mtu lisije likaona zile nyaya, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Usiku alilala vibaya. Alijua kabisa kwamba akijulikana, kazi hana, na Zabroni atacheka mpaka mkeka uchanike.

Sasa yote yalikuwa yanakwisha. Fundi Nathanaeli alimfungia probu mpya ndani ya gazeti. Theodora aliipokea kwa mikono miwili. Leo leo angeshuka bondeni, angezitenganisha nyaya, angefunga probu, na siri ingezikwa bila sanda. Ilikuwa saa nne kasoro robo. Simu yake ikaita, ya kutoka kijijini.

"Bibi Swaumu! Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, marahaba. Huko Masasi umefika salama?"

"Nimefika, bibi."

"Basi rudi upesi uje uone. Tumekufanyia kazi leo. Tuko bondeni hapa mimi na wenzangu kumi na wanne, tangu saa moja. Tumeziosha sola zako zote kwa maji ya sabuni, mwanangu, zinang'aa kama sahani za harusi. Wiki tatu unahangaika peke yako, tukasema huyu mtoto naye tumshike mkono. Na maji yanakwenda! Hebu sikiliza."

Bibi Swaumu akaisogeza simu kwenye bomba. Theodora akasikia bomba likitetemeka, likivuma kwa nguvu ambayo hakuisikia tangu Mei. Nyuma yake akina mama walikuwa wakipiga vigelegele.

Akakaa kwenye kigoda cha fundi bila kukaribishwa. Alikijua kisima kile kama chungu chake cha mboga. Kwa jua la leo, paneli zikiwa safi, mota ingekinyonya mpaka chini kwa muda wa saa moja, pengine pungufu. Probu hakuna. Nyaya zimefungwa, zinaiambia kontrola maji yapo, maji yapo, maji yapo. Kabati lina kufuli, na ufunguo uko hapa Masasi, kwenye pindo la kanga yake.

"Bibi, yameanza kwenda hivyo saa ngapi?"

"Tangu saa tatu na kitu, tulipomaliza mstari wa pili."

"Bibi, zifunikeni."

"Nini?"

"Zifunikeni hizo sola. Kwa kanga, kwa maturubai, kwa chochote. Sasa hivi."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Neno lilikuwa moja tu. Lakini fundi Nathanaeli alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake akifuta kaunta, mtu ambaye yeye Theodora alikuwa ametoka kumwambia pampu imezimwa. Na huko bondeni kulikuwa na akina mama kumi na wanne wenye masikio.

"Fundi hapa anasema... sola zikishaoshwa na sabuni zinatakiwa zipumzike kivulini. Mpaka jioni."

Fundi Nathanaeli aliinua uso akamtazama.

"Zipumzike," alisema Bibi Swaumu.

"Ndiyo, bibi."

"Sola."

"Ndiyo."

"Mwanangu, jua ndilo chakula chake. Tumnyang'anye mtu sahani amekaa anakula?" Akina mama nyuma yake wakaangua kicheko. Kisha Bibi Swaumu akauliza kwa sauti ya chini, "Wewe una nini?"

"Sina kitu, bibi, ila tu..."

Simu ikakatika. Theodora akapiga tena, haipatikani. Akapiga mara nne, mara tano. Bondeni kule mtandao unashikika juu ya jiwe moja tu, kando ya bomba, na hata hilo jiwe lina siku zake za kununa. Theodora hakungoja fundi Nathanaeli aulize. Alitoka akikimbia na gazeti lake kifuani.

Gari la abiria la Newala lilikuwa halijajaa. Theodora, mtu mzima mwenye mtoto wa sekondari, akaanza kukimbia huku na huko stendi akiuliza nani anapanda mlima sasa hivi, mpaka akampata Cuthbert, kijana wa kwao mwenye pikapu, aliyekuwa anamalizia kufunga kamba mzigo wake. Mzigo wenyewe ulikuwa mifuko ya salfa.

"Panda mbele, Mama Glory. Leo umependeza kwa haraka, unakimbizwa na nani?"

"Endesha, Cuthbert."

Cuthbert alikuwa mtu wa maneno. Aliongea tangu mjini Masasi mpaka majabali yakabaki nyuma, akaongea juu ya bei ya mafuta, juu ya mchumba wake wa Lukuledi asiyepokea simu, juu ya redieta yake inayovuja ambayo ameiziba kwa sabuni ya kipande. Theodora aliitikia "ehee" pasipo kusikia. Alikuwa anahesabu. Saa tatu na robo, tuseme. Saa nne na robo kisima chini. Sasa ni saa nne na dakika kumi. Alipiga simu, haipatikani. Akatazama angani akitafuta wingu. Mtu wa Uwandani kuomba wingu Julai! Anga lilikuwa tupu, bluu, bila hata alama ya kidole. Aliomba hivyo hivyo. Alisali Baba Yetu akaikosea katikati, akaanza upya.

Alikuwa na hofu ya kweli, ile inayomfanya mtu atake kwenda haja na kucheka kwa wakati mmoja. Mota ikiungua, kijiji kinarudi mlimani na madumu kichwani. Kuna wajawazito mle. Kuna Bibi Swaumu mwenyewe, sabini na ushei, magoti yake yanalia akiinuka. Na mota nyingine itatoka wapi? Ile ililetwa na watu ambao walishapiga picha zao wakaondoka.

Saa nne na nusu simu ikaita. Akaipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Hakuwa Bibi Swaumu. Alikuwa Mzee Uwesu, naye alikuwa juu kijijini, kwenye tangi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mama Glory, uko wapi? Mambo yameharibika."

"Yameharibika vipi?"

"Maji yamekuja kwa kishindo, watu wakatoka na ndoo, wakacheza. Mara yakakatika, kata! Hata tone. Hao akina mama wa Swaumu wameshuka bila ruhusa ya kamati wakamwagia sola masabuni yao. Wameiua mota."

Theodora alikaza macho mbele. Barabara ilikuwa inamjia na kumpita.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, mzee. Kuna mtu ameshuka kuangalia?"

"Nani ashuke mlima ule wakati kabati lina kufuli na ufunguo unao wewe? Wao wenyewe wameshapanda. Nimemuuliza Swaumu mbele ya watu, mmefanya nini huko? Hasemi. Ananitazama tu. Na wenzake hivyo hivyo, wote midomo wameishona. Tunakungoja kwenye tangi. Leo watasema mbele ya kijiji kizima."

Hapo Theodora angeweza kusema, mzee, akina mama hawana kosa. Sentensi fupi kabisa. Badala yake alisikia mdomo wake ukisema, "Msiguse kitu mpaka nifike."

Akakata simu. Cuthbert akamtupia jicho mara moja, na kwa mara ya kwanza tangu Masasi akanyamaza.

Basi, mota imekufa. Theodora alikaa na neno hilo. Ajabu ni kwamba hofu ilipungua kidogo, na mahali pake pakaingia kitu kibaya zaidi, fikra safi, yenye mpango. Kabla barabara haijaanza kupanda kuna njia ya mguu inayoingia kushoto, inapita katikati ya mikorosho mpaka kisimani. Robo saa. Angeshuka pale, angefungua kabati, angezitenganisha nyaya, angefunga probu mpya mahali pake. Halafu angepanda kijijini taratibu, akitikisa kichwa. Mota ilikuwa imechoka, angesema. Vitu vya mradi ndivyo vilivyo. Nani angejua? Fundi Nathanaeli yuko Masasi, mbali. Hata akina mama wasingefukuzwa kijijini kwa kosa la sabuni. Wangesemwa mwezi mmoja, miwili, halafu watu wangesahau.

"Cuthbert, ukifika kwenye njia ya kisimani unishushe."

"Sawa, mama."

Mficha uchi hazai, wazee walisema, na Theodora aliujua msemo huo tangu utoto wake. Aliyemfundisha alikuwa Bibi Swaumu. Mama yake Theodora alikuwa mwimbaji wa kwaya, Mwanglikana wa kizazi cha tatu, lakini binti yake alipovunja ungo hakwenda kwa padri, alikwenda kwa Bibi Swaumu, kungwi aliyewacheza nusu ya wasichana wa Uwandani, wa msikitini na wa kanisani. Bibi huyo alimkalisha Theodora ndani mwezi mzima, akamfunza mambo ya kusema na mambo ya kunyamaza.

Na sasa hasemi. Hilo ndilo lililomchoma. Kwa nini hasemi? Ana mdomo unaoweza kumnyoa Mzee Uwesu bila maji. Theodora akaliona jibu moja tu. Bibi anaamini. Amesimama pale juani mbele ya watu, kizee cha watu, akiamini kwamba ni yeye aliyeiua mota ya kijiji kwa kipande chake cha sabuni, siku aliyotaka kumtendea mtoto wake wema. Hana la kusema kwa sababu ameona aibu. Theodora alimwona mawazoni akiwa ameinamisha kichwa.

"Njia yako hii hapa," alisema Cuthbert, akipunguza mwendo.

Pikapu ikasimama. Theodora aliushika mlango. Aliufungua, akateremsha mguu mmoja ukakanyaga mchanga mwekundu. Mikorosho ilikuwa imetulia, manjano kwa juu. Hakuna aliyemwona zaidi ya kijana mmoja aliyekuwa akitazama mbele kwa adabu.

Alikaa hivyo, mguu ndani mguu nje, kwa muda ambao Cuthbert baadaye alisema ulikuwa dakika tano. Pengine ulikuwa moja.

"Twende juu," alisema, akauvuta mguu wake. "Twende kabla sijabadilisha mawazo. Na usinisemeshe."

Kwenye tangi kulikuwa na watu kama siku ya mnada. Ndoo zilipangwa foleni mpaka barabarani, tupu. Mzee Uwesu alikuwa amekaa kwenye kiti, Zabroni nyuma yake amekunja mikono. Bibi Swaumu na wenzake walikuwa wamekaa chini upande mmoja, miguu imenyooshwa. Theodora aliona jambo ambalo wakati huo hakulielewa, akalipuuza. Akina mama wote kumi na watano walikuwa mabega wazi na vichwa wazi, hakuna aliyejitanda kanga, watu wazima vile, juani.

Akamsalimu mwenyekiti, akawasalimu wazee. Mzee Uwesu akasimama.

"Amefika. Mama Glory, wewe ndiye mtaalamu. Waambie hawa sabuni inafanya nini kwenye sola, wasikie kwa mtu aliyesoma."

"Sabuni haifanyi kitu, mzee."

"Haifanyi kitu? Mbona maji yamekatika?"

Theodora alianza vibaya. Alianza na kontrola, na nguvu za jua, na kiwango cha maji kisimani, maneno yale ya darasani, na watu wakaanza kutazamana. Akajisikia akizunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Akaacha. Akalifungua pindo la kanga, akautoa ufunguo, akaunyanyua ili wauone, kwa kuwa hakujua mikono yake aifanyie nini kingine.

"Mota nimeiua mimi," alisema.

Mtoto mmoja akagongesha ndoo, akanyamazishwa.

"Probu ilikufa kabla watoto hawajatoka jandoni. Sikuwaambia. Nilizishika nyaya zake nikazifunga pamoja, mashine iamini maji yapo hata kama hayapo. Nikaziacha sola na salfa yake makusudi, mota isipate nguvu. Nyinyi mlipolia maji kidogo, nilisema jua dhaifu. Halikuwa jua, nilikuwa mimi. Leo akina mama wameziosha kwa wema wao, mota ikapata nguvu, ikakikausha kisima, na mlinzi nilikuwa nimemfunga mdomo. Niliogopa kunyang'anywa kazi. Basi. Hawa wasiguswe na mtu. Bibi, nisamehe."

Sasa watu wakapata sauti. Walisema mengi, na mengine hayaandikiki. Mzee Uwesu alirudi kitini akavua kofia, pengine akikumbuka ni nani aliyekwenda mlangoni kwa mtu na kofia hiyo hiyo, maana hakufungua mdomo. Zabroni ndiye aliyefungua. "Nilisema mimi," alisema, mara tatu. Theodora alisimama akalia mbele yao wote, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, kamasi na machozi, wala hakujifuta.

Bibi Swaumu akaanza kuinuka. Kuinuka kwake ni kazi, goti moja kwanza, halafu mkono, halafu goti la pili, na makelele yalipungua watu wakimngoja amalize. Aliposimama akakung'uta mchanga.

"Umemaliza?" alimuuliza Theodora.

"Nimemaliza, bibi."

"Hakuna lililobaki?"

"Hakuna."

"Haya." Akawageukia wenzake. "Jamani, inukeni twende bondeni tukachukue kanga zetu."

Theodora alimtazama, akawatazama akina mama waliokuwa wanainuka na mabega yao wazi, wengine wameanza kutabasamu chini chini. Ilimchukua muda. Moyo ulielewa kabla ya kichwa.

"Mlizifunika?"

"Simu ilikuwa haijakatika vizuri," alisema mama mmoja. "Tulivuana kanga kama wendawazimu. Bibi alisema mkono mmoja funika, mwingine funga mdomo."

"Na kisima?"

"Tumechungulia. Maji yalibaki kimo cha mtoto. Mota yako imelala tu kule, mzima wa afya."

Mtu akapiga kigelegele, kisha wengine wengi, na Mzee Uwesu akaanza kuuliza kwa nini yeye mwenyekiti hakuambiwa, na hakuna aliyemjibu. Bibi Swaumu alikuwa ameshashika njia ya kuteremka, fimbo yake mkononi. Theodora akamkimbilia, probu yake kwenye gazeti lililolowa jasho. Alikuwa na furaha ya kutosha kumbeba yule bibi mgongoni, na hasira ya kutosha kumtupa korongoni.

"Bibi! Ulijua. Ulijua mota nzima, ukaniacha nakufa njia nzima. Ukakaa unatukanwa. Kwa nini hukusema?"

Bibi Swaumu hakupunguza mwendo.

"Ningesema mota nzima," aliuliza, "wewe ungesema?"

Theodora alitaka kujibu ndiyo. Alitembea hatua kama kumi akilitafuta neno hilo, kisha akaacha kulitafuta, akamshika bibi mkono mahali njia ilipoanza kuteleza.